Bambo Dogo la Daktari

Paaa! Pa-pa-paaa!

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umeulalia mtaa wa Lipangalala, na watu waliisikia tarumbeta kabla hawajaona hata uzio wa jirani. Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele walianza kupepeta kwa kufuata mdundo wake. Sauti ilipanda. Ikapanda tena. Ilipofika juu kabisa, pale ambapo wimbo hutaka kupasua mbingu, ikakwama. Ikatoa mlio wa bata aliyekanyagwa.

Fyaaa!

Kimya.

"Valeriani!" iliita sauti nzito ya mzee. "Umemeza nini?"

Nyuma ya kanisa, bendi ya parokia ilikuwa mazoezini. Valeriani alishusha tarumbeta, akafuta midomo kwa kiganja. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na moja, fundi baiskeli, mwenye kifua kipana na mikono iliyokolea grisi. Tarumbeta ile aliachiwa na marehemu baba yake. Kwa miaka kumi na minane hapakuwa na harusi, kipaimara wala maziko katika parokia ile yaliyopita bila mlio wake.

"Sijameza kitu, Mwalimu," alijibu. "Shavu limechoka tu."

Vijana wa ngoma walicheka. Mmoja akaanza kugonga taratibu, wengine wakadakia kwa wimbo:

Shavu la Valeriani, mpunga kaficha ndani,
akimaliza mavuno, atauza hadharani!

Valeriani naye alicheka. Lakini mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye shavu la kushoto, chini ya sikio. Hapo palikuwa na uvimbe. Ulianza mwaka uliopita, wakati wa kupandikiza mpunga, ukiwa kama punje ya hindi. Sasa ulikuwa kama ndimu ndogo. Haukuuma. Haukuwa na joto. Ulikaa tu, kama mgeni asiyesema ataondoka lini.

Mwalimu wa bendi alikuwa Mzee Kelestini. Alianza kupuliza tarumbeta kabla Valeriani hajazaliwa. Shingoni alizungusha taulo jeupe, iwe mvua au jua, na watu walishazoea. Walisema ni la kufutia jasho.

"Nyamazeni, ninyi," aliwaambia vijana. Akalibonyeza shavu la Valeriani kwa kidole gumba. "Huu ni upepo. Nimeuona kwa wapulizaji wengi. Mtu akipuliza kwa nguvu, upepo unavuja ndani ya shavu na kujificha humo. Sasa nisikilize. Mwezi mzima usipulize. Mkeo akukaangie pumba za mpunga, azifunge kwenye kitambaa, akukande asubuhi na jioni. Upepo utatoka wenyewe."

"Na sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, Mwalimu?"

Sikukuu ilikuwa imebaki miezi sita. Siku hiyo wimbo wa kuingilia ulianza na tarumbeta moja tu, peke yake, kanisa zima likiwa kimya. Tarumbeta hiyo ilikuwa ya Valeriani, na kabla yake ilikuwa ya baba yake.

"Shavu likipona, utaanzisha wewe," alisema Mzee Kelestini. "Lisipopona, nitamtafuta mwingine. Mungu hapigiwi mlio wa bata."

Maneno hayo yalimchoma Valeriani kuliko moto. Aliifunga tarumbeta kwenye kitambaa chake, akapanda baiskeli, akaenda kazini bila kuaga.

Kijiwe chake kilikuwa kando ya barabara iendayo Kivukoni. Mjini Ifakara ardhi ni tambarare na baiskeli ni nyingi, kwa hiyo kazi haikukosekana. Valeriani aliziba pancha, alinyoosha rimu, alibadilisha cheni. Upepo alikuwa anaujua vizuri. Tangu ujana kazi yake ilikuwa kutafuta mahali unapovujia.

Basi siku moja mchana alitazama kushoto na kulia. Wateja hawakuwepo. Alijaza maji kwenye beseni lake la kupimia tyubu. Akapiga magoti, akazamisha shavu la kushoto, akafunga midomo, akajaza upepo mdomoni kwa nguvu zake zote. Jicho moja lilikuwa juu ya maji, likitafuta mapovu.

"Baba Viktor!"

Valeriani alishtuka, akameza maji. Mkewe Aurelia alikuwa amesimama na bakuli la chakula mkononi.

"Unafanya nini?"

"Natafuta pancha."

"Ya baiskeli gani?"

"Ya shavu."

Aurelia aliweka bakuli chini ili asilimwage. Alicheka mpaka akakaa kwenye tairi.

"Haya, umeona mapovu?" aliuliza, akifuta machozi.

"Hata moja."

"Basi hakuna upepo."

"Au upepo upo, ila tundu hakuna." Valeriani alikuna kichwa. Hakuwa anatania tena. "Lakini kuna kitu sikielewi, Mama Viktor. Tairi lenye upepo ukilibonyeza linakubali kidogo, kisha linakusukuma. Hili halikubali. Ni gumu kama raba ya kufutia. Upepo gani huu?"

Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo. Hata hivyo alifuata agizo. Mwezi mzima Aurelia alikaanga pumba na kumkanda. Ngozi ya shavu iliungua kidogo, ikababuka. Uvimbe haukupungua hata kidogo.

Ndipo alipokwenda kwenye duka moja la dawa lililokuwa barabarani. Muuzaji alimwambia ni jino. Akampa vidonge vya siku tano. Valeriani alimeza vyote, na uvimbe ukabaki pale pale. Aliporudi, muuzaji aliuminya, akatikisa kichwa kama mtu anayejua.

"Basi hili ni jipu lililojificha. Njoo Jumatatu jioni, watu wakipungua. Nitalipasua, usaha utoke. Dakika mbili."

"Utapasua kwa nini?"

"Wembe mpya kabisa. Usiogope."

Valeriani alikubali. Sikukuu ilikuwa inakaribia, na mdomo wake ulikuwa unaiota tarumbeta.

Ijumaa ile, akiwa kijiweni, alimwona jirani yake akija anakokota baiskeli. Alikuwa Ursula, nesi wa hospitali kubwa ya mjini. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwao. Tairi la nyuma la baiskeli yake lilikuwa limelala kabisa.

"Habari za kazi, fundi?"

"Salama, nesi. Mwiba tena?"

"Mwiba, msumari, mimi najua? Wewe ndiye daktari wa matairi."

Valeriani aliigeuza baiskeli juu chini, akatoa tyubu, akaijaza upepo, akaizungusha polepole ndani ya beseni. Mapovu membamba yakapanda. Akaweka alama ya chaki, akakausha, akapiga msasa. Ursula alikuwa amekaa kwenye benchi, anamtazama.

"Fundi, hebu niulize kitu cha kijinga," alisema. "Kwa nini usibandike kiraka kwanza, halafu ndipo utafute tundu?"

Valeriani alicheka. "Nesi, huo si ufundi! Utabandika viraka tyubu nzima, na upepo bado utatoka."

"Aha. Sasa wewe shavu lako umelibandika pumba. Ukalibandika dawa ya jino. Jumatatu unataka kulibandika wembe. Tundu umeliona wapi?"

Valeriani aliacha kupiga msasa. "Nani kakwambia habari ya Jumatatu?"

"Mama Viktor."

"Wanawake hamna siri!"

"Tungekuwa na siri, ungekatwa. Njoo hapa kwenye mwanga."

Valeriani alikwenda, huku amenuna kidogo. Ursula alinawa mikono, akaugusa uvimbe taratibu, akaugusa na ule upande mwingine ili alinganishe. Kisha akaanza maswali.

"Ukipuliza tarumbeta, uvimbe unakua? Ukipumzika, unapungua?"

"Hapana. Uko vile vile siku zote."

"Ukiubonyeza, unasikia kitu kama povu linapasuka ndani?"

"Hapana."

"Umewahi kupata homa? Kuuma? Uwekundu?"

"Hata siku moja. Umekua tu, polepole."

"Mzee Kelestini hakusema uongo," Ursula alisema. "Wapo wapuliza tarumbeta ambao upepo huwaingia kwenye tezi ya mate, hii iliyo mbele na chini ya sikio. Lakini uvimbe wao hupanda na kushuka, na ukiubonyeza unasikia povu. Na jipu kwa kawaida huuma, huwa na joto, halichukui mwaka mzima likikua kimya. Wako haufanani na upepo wala jipu. Hebu nikonyeze."

"Nini?"

"Nikonyeze. Jicho la kushoto."

"Mama Viktor akipita hapa akaniona nakukonyeza, sitahitaji wembe wa Jumatatu."

"Konyeza, fundi! Sasa cheka, nione meno. Haya, jaza upepo mashavuni." Ursula alitazama uso wake kwa makini. "Vizuri. Uso wako bado una nguvu pande zote mbili. Unajua kwa nini nimekupima hivyo?"

"Sijui. Nataka kujua."

"Katikati ya tezi hiyo unapita mshipa wa fahamu. Unatoka chini ya sikio na kugawanyika kama mizizi. Tawi moja linafumba jicho. Jingine linanyanyua mdomo. Jingine linakaza midomo ili uweze kupuliza. Mtu asiyejua akitia wembe hapo, anaweza kuukata. Mdomo utaning'inia upande mmoja. Hutapuliza hata filimbi ya mtoto."

Valeriani alikaa kwenye benchi. Akaishika midomo yake kwa vidole viwili.

"Sasa huu ni nini, nesi?"

"Sijui."

"Hujui? Na wewe ni nesi?"

"Sijui, na yeyote anayekwambia anajua kwa kuugusa tu anakisia. Hapo ndipo watu wanapoumia. Uvimbe una tabia ya kuigiza. Kuna saratani inayofanana na jipu. Kuna kifua kikuu cha tezi kinachofanana na saratani. Kuna uvimbe mpole unaofanana na jino bovu. Kwa nje sura ni moja. Kwa ndani ni vitu tofauti kabisa, na kila kimoja kina tiba yake. Ukitibu sura, umekosea. Kuna kipimo cha kutazama ndani. Kinafanywa kwa sindano nyembamba."

Valeriani alisimama kwa hasira. "Sindano hapana! Uvimbe ukiguswa na chuma unakasirika. Unasambaa mwili mzima. Kila mtu anajua."

"Na wembe wa Jumatatu ni wa mti?"

Valeriani alicheka bila kutaka.

"Watu wengi wanaogopa hivyo," Ursula aliendelea kwa upole. "Mara nyingi mtu hukaa na uvimbe miaka mitatu. Anapokuja hospitali umeshasambaa. Anachomwa sindano, anafariki baada ya muda, na lawama inaiangukia sindano. Sindano hii ni nyembamba sana. Ni nadra mno isambaze kitu. Umewahi kumwona mnunuzi wa mpunga akikagua gunia?"

"Kila mwaka."

"Anafungua gunia lote?"

"Hapana. Anachoma bambo. Kile chuma chenye mfereji. Anatoa punje chache kiganjani, anajua kama mpunga ni mkavu, kama una mawe, kama umechanganywa."

"Basi sindano hiyo ni bambo dogo la daktari. Hatufungui gunia. Tunachukua chembe chache tu, tunazisoma kwenye hadubini."

Macho ya Valeriani yalibadilika. Hasira iliondoka, udadisi ukaingia. "Hadubini ndiyo kile chombo cha kukuza vitu? Na mimi naweza kutazama?"

"Utamuuliza Dokta Venance. Ndiye msomaji wa chembe. Anapenda watu wanaouliza."

Jumatatu Valeriani hakwenda dukani. Alikwenda hospitali pamoja na Aurelia. Daktari wa kwanza alimpima, akamwandikia kipimo. Wakaelekezwa kwenye chumba kidogo chenye harufu ya spiriti. Dokta Venance alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. Mezani kwake palikuwa na vioo vidogo vyembamba, vimepangwa kama biskuti.

"Unatumia dawa yoyote ya kuyeyusha damu?" aliuliza. "Ukijikata, damu huchelewa kuacha?"

"Hapana, Dokta."

"Vizuri. Hii hapa sindano. Itazame kabla haijakugusa."

Valeriani aliitazama. Ilikuwa nyembamba kuliko ile aliyowahi kutolewa nayo damu. Usiku alikuwa ameota msumari.

Dokta alisafisha ngozi, akaushika uvimbe kwa vidole viwili usikimbie, akaingiza sindano. Aliisogeza mbele na nyuma mara kadhaa, haraka, bila kuitoa. Valeriani aliubana mkono wa Aurelia.

"Baba Viktor, vidole vyangu vinavunjika," Aurelia alinong'ona.

"Tayari," alisema Dokta. Alimpa pamba abonyeze. Akamimina kitone juu ya kioo, akakitandaza kwa kioo kingine. Akakiinua kwenye mwanga. "Hmm. Damu tupu."

"Ndiyo kusema nini?" Aurelia aliuliza haraka.

"Ndiyo kusema bambo halikupata punje. Hutokea. Singependa kusoma damu nikakudanganya nimeona uvimbe. Turudie?"

Sasa Valeriani aliyajua maumivu ya sindano. Yalikuwa kama ya siafu mmoja. "Rudia."

Mara ya pili kioo kilipata kitu chenye utelezi, kama ute. Dokta alitabasamu. Vioo vingine alivitumbukiza kwenye spiriti, kimoja alikiacha kikauke kwa hewa. Hicho alikitia rangi.

"Dokta," Valeriani alisema, "nesi Ursula aliniambia naweza kuomba kutazama."

"Kwa nini usitazame? Ni vitu vyako."

Valeriani aliinama juu ya hadubini. Kwanza aliona kope zake tu. Dokta akazungusha kitufe, na ghafla dunia nyingine ikafunguka. Palikuwa na nyuzi za rangi ya zambarau iliyoiva, zimetawanyika kama tope lililokorogwa. Ndani ya tope hilo zilikaa nukta nyingi, nyingine peke yake, nyingine zimeshikana.

"Mama Viktor! Njoo uone! Ni kama mpunga uliomwagika jarubani!"

Aurelia alitazama. "Na hivi vyote vimo ndani ya shavu lako," alisema. "Na sisi tunakaanga pumba."

"Ni nini, Dokta?" Valeriani aliuliza.

"Leo sisemi. Nimeona kwamba sampuli inatosha, basi. Nitavisoma vioo vyote kwa utulivu. Njooni Ijumaa."

Siku hizo nne zilikuwa ndefu. Valeriani aliziba pancha moja mara mbili kwa sababu mawazo yalikuwa mbali. Ijumaa walifika mapema, wakakaa mbele ya Dokta Venance wameshikana mikono.

"Si saratani," alisema Dokta.

Aurelia alipiga ishara ya msalaba. Valeriani alitaka kusimama, lakini Dokta alinyanyua kidole.

"Ngoja, fundi, usikimbie na nusu ya jibu. Ni uvimbe mpole wa tezi ya mate. Hukua taratibu na hauumi, ndiyo maana watu huuchukulia kama upepo, jino au jipu. Lakini upole wake si wa milele. Ukiachwa miaka mingi, unaweza kugeuka saratani. Pia unaendelea kukua karibu na ule mshipa wa uso. Kwa hiyo lazima utolewe."

"Utolewe hapa? Leo?"

"Utolewe Dar es Salaam, na daktari bingwa wa upasuaji wa eneo hilo. Sasa sikia kwa nini kile kipimo kimekusaidia. Daktari yule ataingia akijua anakutana na nini. Hataukamua kama jipu. Ataufuata mshipa wa uso kwanza, auhifadhi, kisha atoe uvimbe wote mzima pamoja na nyama kidogo ya pembeni. Uvimbe huu ukipasuka, vipande vikamwagika ndani, huota tena, na mara nyingi huota vingi."

Valeriani aliukumbuka wembe mpya kabisa, na zile dakika mbili.

"Na je, sindano inaweza kukosea?" aliuliza.

Dokta alimtazama kwa heshima. "Swali zuri. Inaweza. Wakati mwingine haipati chembe za kutosha, kama ulivyoona. Wakati mwingine jibu halieleweki vizuri, na tunalazimika kuchukua kinyama kikubwa zaidi. Hata kwako, uvimbe ukishatolewa utasomwa tena wote. Sindano hii ni mlango wa kwanza. Lakini ni mlango rahisi, na wa haraka."

"Basi niulize la mwisho. Nitapuliza tena?"

"Siwezi kukuahidi. Mdomo unaweza kulegea kwa wiki kadhaa hata mshipa ukiwa salama. Ila nafasi yako ni kubwa kuliko ya mtu aliyepasuliwa bila kipimo."

Wakasafiri kwenda Dar es Salaam na basi la asubuhi. Njiani, kule Sanje, maporomoko yakionekana meupe juu ya mlima, Valeriani alikunja midomo, akapuliza hewa tupu kana kwamba ameshika tarumbeta. Aurelia alijifanya haoni.

Upasuaji ulichukua saa tatu. Uvimbe ulitoka mzima. Uliposomwa tena, jibu lilikuwa lile lile la sindano. Lakini Valeriani alipojitazama kwenye kioo cha chooni, kona ya kushoto ya mdomo wake ilikuwa imeshuka. Alitaka kusema "Aurelia," na herufi zikamteleza. Chai ilimchuruzika kidevuni. Siku hiyo alilia, na wala hakuficha.

"Mshipa haujakatwa," mpasuaji alimwambia. "Umechoka tu kwa kusumbuliwa. Fanya mazoezi."

Alirudi Ifakara, akafanya mazoezi kama mwendawazimu. Akiwa kijiweni alicheka peke yake, akakonyeza baiskeli, akapiga busu hewani. Wateja waliokuja kuziba pancha walidhani fundi amepata mchumba. Wiki ya pili, hakuna badiliko. Wiki ya tano, kona ya mdomo ilitikisika. Wiki ya nane, alipiga mluzi. Ulikuwa mluzi mbovu, wa kuchechemea, lakini Aurelia aliusikia toka jikoni na kuacha wali uungue.

Daktari alipomruhusu, alifungua kitambaa cha tarumbeta. Alianza na sauti za chini, dakika tano tu kwa siku, kisha kumi.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa hadi nje. Watu walisimama. Ukimya ukaingia. Mzee Kelestini, taulo jeupe shingoni, alimtazama Valeriani. Akainamisha kichwa.

Paaa! Pa-pa-paaa!

Sauti ilipanda. Ikapanda tena. Ikafika pale juu kabisa, ikasimama hapo, safi, bila kutetemeka. Nesi Ursula, aliyekuwa benchi la nyuma, alifumba macho. Vijana wa ngoma walisahau kuingia kwa wakati, na kwa mara ya kwanza mwalimu wao hakuwagombeza.

Baada ya misa, Mzee Kelestini alimvuta Valeriani nyuma ya kanisa, pale pa mazoezi.

"Shikamoo, Mwalimu," Valeriani alisema. "Umesikia bata?"

Mzee hakucheka. "Marahaba. Nionyeshe kovu."

Valeriani aligeuza shavu. Kovu lilikuwa mstari mwembamba mbele ya sikio, ukishuka hadi shingoni. Mzee alilifuata kwa kidole hadi mwisho.

"Hiyo sindano," alisema polepole. "Iliuma?"

"Kama siafu mmoja. Wawili, kwa sababu ilirudiwa. Kwa nini unauliza?"

Mzee Kelestini aliangalia huku na huku. Kisha, kwa mikono iliyozoea kazi hiyo, alilifungua taulo lake jeupe. Valeriani hakuwahi kuiona shingo ya mwalimu wake. Upande wa kulia, juu kidogo ya bega, palikuwa na vivimbe viwili vilivyoshikana.

"Mwaka wa tatu huu," alisema mzee. "Nilipokwambia ni upepo, nilikuwa najiambia mimi mwenyewe. Nimejikanda kwa pumba hizi mpaka mashine ya kukoboa inanijua kwa jina. Niliona aibu, Valeriani. Tena niliogopa. Je, ikiwa ni ile mbaya?"

Valeriani alitamani kumwambia mwalimu wake kwamba hakuna kitu, kwamba atapona. Lakini alikumbuka mapovu ambayo hayakutokea kwenye beseni, na yule nesi aliyethubutu kusema hajui.

"Sijui, Mwalimu," alisema. "Inaweza kuwa ile mbaya. Inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, na hicho kinapona kwa vidonge. Inaweza kuwa mpole kama wangu. Wewe hujui, mimi sijui. Taulo nalo halijui. Ila ninakijua chumba ambamo wanajua."

"Nimechelewa?"

"Umechelewa. Usichelewe tena hata wiki moja."

Mzee Kelestini alilitazama taulo lililokuwa mkononi mwake. Alilikunja mara mbili, mara nne, akamwekea Valeriani kiganjani kama mtu anayeweka rehani. Kisha alinyoosha mgongo, akasema kwa ile sauti yake nzito inayosikika hadi barabarani, mbele ya vijana wa ngoma waliokuwa wanakuja:

"Valeriani mwanangu, Jumatatu saa mbili asubuhi utanikuta kwenye mlango wa hospitali. Nitakuja shingo wazi. Nakuahidi."